Sifa za Fimbo

Ukimwuliza mtu wa siku hizi ni vitu gani vilivyowatoa wanadamu katika maisha ya porini na kuwafikisha katika ustaarabu, hatakawia kukujibu. Atakutajia gurudumu, na chuma, na herufi, na mtambo wa mvuke, na umeme. Na akiwa kijana atatia na simu ya mkononi, tena ataitaja kwanza. Sijamsikia hata mmoja aliyetaja fimbo. Swali hili nimeliuliza darasani mara nyingi, na kila nilipowapa wanafunzi jibu langu mwenyewe walicheka, isipokuwa wale waliokaa karibu nami, ambao walijisogeza nyuma kidogo.

Hao wa nyuma siwalaumu. Fimbo waliyoidhania wao nitaisema baadaye, maana nayo ina neno lake. Lakini hapa nasema fimbo kwa maana pana zaidi: kipande cha mti, kirefu kupita unene wake, kilichovunjwa au kukatwa, kikashikwa mkononi kwa kazi. Tazameni jinsi lugha yetu ilivyokipa majina. Kikiwa mkononi mwa mzee ni mkongojo. Kikiwa na kichwa kilichopinda ni bakora. Kikiwa na kirungu mwishoni ni rungu. Baharini, penye maji haba, ni upondo wa kusukumia mtumbwi. Jikoni ni mwiko, na kinuni ni mchi. Begani kwa mchukuzi wa maji ni mzegamzega. Chini ya jiwe zito ni wenzo. Kinywani asubuhi ni mswaki. Na kikitiwa jembe ni mpini, ambao bila huo mhunzi hodari kuliko wote atakuwa amekufulia chuma cha kujikatia vidole. Mtoto apendwaye huwa na majina mengi ya kupanga kuliko nduguze. Mimi nadhani wazee wetu waliipenda fimbo kuliko walivyokubali kusema.

Kwanza sharti tukiri kwamba si sisi peke yetu tulioivumbua. Katika mwaka 1960, katika msitu wa Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kigoma, bibi mmoja Mwingereza, Jane Goodall, alimwona sokwe dume, ambaye alikuwa amempa jina la David Greybeard, ameketi penye kichuguu. Sokwe yule alichukua bua la jani, akalitia tunduni, akangoja kidogo, akalitoa limejaa mchwa walioling'ang'ania, akawalamba kama mtu alambavyo asali. Tena sokwe wa huko walionekana wakivunja vijiti na kuvipurura majani kabla ya kuvitumia. Yaani walikuwa wakitengeneza chombo, si kuokota tu. Na siku zile wanazuoni walikuwa wakifundisha kwamba mtu ndiye kiumbe pekee atengenezaye zana. Habari zilipomfikia Dr. Louis Leakey, mchunguzi wa mambo ya kale aliyezaliwa Kabete katika Kenya, alijibu kwamba sasa hatuna budi kuieleza upya maana ya chombo, au kuieleza upya maana ya mtu, au kuwakubali sokwe kuwa watu. Mimi naona palikuwa na njia ya nne, nayo ni kuisifu fimbo, lakini hakuniuliza.

Hata katika mwaka 2007 zikaja habari nyingine kutoka Senegal, za sokwe wa mahali paitwapo Fongoli. Hao huvunja tawi, hulitia ncha kwa meno, kisha hulipigiza ndani ya tundu la mti ambamo komba amelala mchana. Komba sisi humsingizia ulevi. Nadhani mnyama anayeishi na majirani wa namna ile ana haki ya kutafuta cha kumtuliza moyo.

Sasa niseme jambo linaloniudhi. Vitabu vya historia huyaita majira yale marefu ya mwanzo wa wanadamu Zama za Mawe, na watoto hulishika neno hilo wakadhani kwamba wazee wa wazee wetu walikula, wakalala na wakatembea na mawe. Kwa nini mawe? Kwa sababu mawe ndiyo yaliyosalia. Jiwe likitupwa leo laweza kuokotwa baada ya miaka milioni moja. Fimbo ikitupwa leo jioni, kesho mchwa wameianza, na masika mawili yakipita haipo. Huko Isimila karibu na Iringa, na huko Olorgesailie katika Kenya, mawe yaliyochongwa yametapakaa ardhini kwa wingi wa kustaajabisha. Basi mwenye kuchimba akayakuta, akasema: hawa walikuwa watu wa mawe. Ni kama mtu aingiaye nyumbani baada ya karamu, akakuta mifupa sahanini, akaandika kitabuni kwamba wageni walikula mifupa.

Mara chache sana ardhi yenyewe hutoa ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 1911, huko Clacton katika Uingereza, ilipatikana ncha ya mkuki wa mti, ambayo umri wake hukadiriwa kuwa miaka 400,000 hivi. Katika miaka ya 1990, huko Schöningen katika Ujerumani, ilichimbuliwa mikuki mizima ya mti pamoja na mifupa ya farasi wengi. Wenye elimu hawajapatana juu ya umri wake, wengine husema miaka laki tatu na wengine laki mbili. Lakini ushahidi unaonipendeza mimi kupita wote umetoka karibu nasi. Katika maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, udongo uliolowa maji siku zote umeihifadhi miti isioze. Katika mwaka 2023 wachunguzi walitangaza kwamba wamekuta huko magogo mawili, moja limelazwa juu ya jingine, nayo yamechongwa pengo ili yashikane. Na umri wake haupungui miaka 476,000. Watu wa namna yetu sisi walikuwa hawajatokea bado duniani, na tayari palikuwa na fundi seremala. Tena katika tabaka za udongo zilizokuja baadaye, mahali pale pale, walikuta zana ndogo za mti, na mojawapo ni fimbo ya kuchimbia.

Fimbo hii ya kuchimbia, fimbo nene iliyochongwa ncha, ambayo watu wengine huiita muo, ndiyo niipayo heshima ya kwanza. Mkuki umesifiwa vya kutosha. Mwindaji akirudi na mnyama, kijiji kizima hukusanyika usiku kumsikiliza, na kila akisimulia mnyama huzidi pembe. Lakini ni nani atakayekesha kusikiliza habari za kiazi? Kiazi hakikimbii, hakingurumi, wala hakimrukii mtu. Kimekaa tu chini ya ardhi, futi mbili au tatu, katikati ya mawe, na anayekitaka sharti apige magoti juani, achimbe, achokoe, ainue jiwe, achimbe tena. Mwenye kazi hiyo kwa kawaida alikuwa mwanamke, wala hakuwa na nguvu za kusimulia jioni.

Wahadzabe, wakaao kando ya Ziwa Eyasi katika Tanzania ya kaskazini, wangali wanaijua kazi hiyo mpaka leo. Wanawake wao hukata mti mgumu, huuchonga ncha, kisha huipitisha ncha ile motoni ili ikauke na kuwa ngumu. Ikiisha kuwa butu huichonga tena. Kwa fimbo hiyo huchimba mizizi ya mwituni. Wachunguzi waliokaa nao na kupima vyakula vyao wameeleza kwamba mizizi hiyo si chakula kinachopendwa zaidi, maana asali hupendwa kupita vyote, walakini ndiyo ipatikanayo nyakati ambazo nyama na asali na matunda hukosekana. Kwa maneno mengine, mshale huleta karamu, na fimbo huwavusha watoto mpaka karamu ije.

Nimewasikia vijana waliosoma wakisema "watu wa porini" kwa midomo iliyobinuka. Nami nawataka vijana hao wafanye mtihani mdogo. Mchukueni mmoja wenu aliyemaliza Darasa la Saba kwa alama nzuri, mkamkabidhi fimbo ile na jua la Eyasi, mkamwambia alete chakula cha watu watano kabla ya magharibi. Kwanza hatajua achimbe wapi, maana mzizi haujiandiki jina; lazima uujue kwa jani, tena wakati mwingine kwa jani lililokwisha kukauka. Pili hatajua aichonge ncha namna gani. Tatu saa nane itamkuta chini ya mbuyu ana malengelenge, akiuliza duka liko wapi. Na kwa haki, bibi wa Kihadzabe akiletwa darasani na kupewa hesabu za riba atashindwa vile vile. Lakini yeye hajambinulia mtu midomo.

Yamkini ndiye mwanamke wa fimbo aliyeanzisha kilimo, huko na huko duniani, kwa kuona kwamba mahali alipochimba na kubakiza kipande cha mzizi pameota tena. Hili halina shahidi, nami nalisema kama rai tu. Lakini lenye ushahidi ni hili: kwamba dola kubwa iliwahi kusimama juu ya fimbo. Wainka wa Peru, huko Marekani ya Kusini, hawakuwa na plau ya kukokotwa, wala hawakuwa na ng'ombe wa kuikokota. Walikuwa na fimbo ndefu ya kuchimbia, iliyofungwa kijiti cha kukanyagia kwa mguu ili ncha izame ardhini. Huitwa chaquitaclla, na wakulima wa milima ile wangali wakiitumia. Kwa fimbo hiyo walilima matuta ya ngazi ubavuni mwa milima, wakapanda viazi na mahindi, wakashibisha miji na majeshi, na wajenzi waliounganisha mawe hata kisu hakipiti katikati yake. Basi mwanafunzi atakayeona haya mbele ya wenzake kwa sababu nyanya yake hupanda mahindi kwa kijiti kilichochongwa, na apige mahesabu upya kabla ya kuona haya.

Habari za moto sitazirefusha, maana mnazijua. Ulindi hulazwa chini, upekecho husimamishwa juu yake na kuzungushwa kwa viganja, unga wa mti ukatoka, ukafuka, ukashika. Vijiti viwili vimezaa jua dogo. Na anayedhani kwamba siku hizi tumeendelea mbele, na afungue kibiriti chake atazame ndani. Atakuta vijiti, vimevikwa kofia.

Wenzo nao una miujiza yake, isipokuwa hii yafaa ihesabiwe, si kusimuliwa tu. Chukueni mti mgumu wa futi saba. Utieni chini ya jiwe, na chini ya mti wekeni kijiwe cha kuutegemeza, futi moja kutoka mwisho wenye jiwe. Upande wenu sasa una futi sita na upande wa jiwe una futi moja. Basi kila ratili mnayokandamiza hufanya kazi ya ratili sita. Mtu awezaye kukandamiza kwa ratili 60 atainua jiwe la ratili 360, jambo ambalo kwa mikono mitupu lingemvunja kiuno. Malipo yake ni kwamba mkono wako husafiri inchi sita ili jiwe lipande inchi moja. Fimbo haitoi kitu bure, ila inakopesha kwa masharti ya haki. Archimedes, Myunani wa Sirakusa, husemwa kwamba alijisifu kuwa akipata mahali pa kusimama ataihamisha dunia. Hakusema fimbo hiyo ataikata katika msitu gani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wengi hawaliamini mpaka waonyeshwe, nalo ni kwamba kwa muda wa yapata miaka 700 hazina ya wafalme wa Uingereza ilitunza hesabu zake kwa vijiti. Mtu alipolipa fedha, karani alichukua kijiti kilichokauka vizuri, akakikata mapengo: pengo la upana wa kiganja lilikuwa paundi elfu, la upana wa kidole gumba paundi mia, na la unene wa punje ya shayiri paundi moja. Kisha kijiti kilipasuliwa katikati kwa urefu wake, mapengo yakaonekana pande zote mbili. Kipande kimoja akapewa mlipaji, na kimoja kikabaki hazinani. Siku ya ubishi vipande vilikutanishwa. Kama ni ndugu, nyuzi za mti zililingana na mapengo yalilingana. Kama kuna mtu aliyeongeza pengo moja usiku, kipande cha pili kilimsuta. Nimewahi kuona stakabadhi za karatasi ambazo hazikuwa na uaminifu wa kiasi hicho.

Mambo yakabadilika, karatasi ikashinda, na katika mwaka 1826 vijiti vikaachwa kabisa. Ikabaki taka: vijiti vya mamia ya miaka, vikavu kama mifupa, vimejaa tele. Hata tarehe 16 Oktoba 1834 ikaamriwa vichomwe, mikokoteni miwili, katika tanuri zilizokuwa chini ya Jumba la Malodi, huko Westminster, katika London. Mpishi yeyote wa pwani angaliwaambia mabwana wale kwamba kuni za namna hiyo hutiwa jikoni moja moja. Hawakumwuliza mpishi. Watu wa kazi walijaza tanuri mchana kutwa, mabomba ya moshi yakashika moto, na jioni jumba zima la bunge, la malodi na la wawakilishi, likateketea, mji wote ukisimama kutazama. Jumba lenye mnara wa saa mnaloliona leo katika picha ni lile lililojengwa baadaye. Simwambii mtu kwamba vijiti vililipiza kisasi. Nasema tu kwamba viliheshimiwa miaka 700 pasipo hasara, na vilipodharauliwa siku moja ikawa hivyo.

Kuna fimbo moja ambayo sitaki kuifanyia mzaha, nayo ni ya kipofu. Mwenye macho hudhani kwamba ile ni ya kujiegemeza, au ya kuwaonya watu wampishe. Mtazameni vizuri apitapo njiani. Fimbo hutangulia hatua moja mbele ya mguu, hugusa kushoto mguu wa kulia ukinyanyuka, hugusa kulia mguu wa kushoto ukinyanyuka. Ncha ikigonga jiwe hutoa sauti moja, ikigonga ubao sauti nyingine, na ikikosa kitu cha kugonga, pana shimo. Mikono yake husikia kwa urefu wa mti ule kana kwamba mishipa ya vidole imeenea mpaka nchani. Fimbo nyeupe hutambulikana sasa katika nchi nyingi kuwa ni alama ya asiyeona, na tarehe 15 Oktoba kila mwaka, tangu ilipotangazwa katika Marekani mwaka 1964, ni siku ya kuikumbuka. Mtoto amchukuliaye kipofu fimbo yake kwa mchezo amemchukulia macho, na mimi simwiti mtundu; namwita jina jingine.

Nilisema nitairudia fimbo ya mwalimu. Nami ni mwalimu, kazi hii naijua ndani na nje. Rai yangu ni kwamba katika kazi zote za fimbo hiyo ndiyo iliyo duni kabisa, kwa sababu ni hiyo peke yake isiyoleta kitu upande wa pili. Ukichimba kwa fimbo hupata kiazi. Ukiipekecha hupata moto. Ukiikandamiza huinua jiwe. Lakini ukimpiga mtoto asiyejua kugawanya, hupati mgawanyo. Hupata mtoto asiyejua kugawanya, naye analia. Walimu wenzangu huniambia kwamba bila kiboko darasa halitulii. Naona wanasema kweli juu ya utulivu, maana makaburini nako kumetulia, wala hatujasikia mtihani uliofauliwa huko. Katika Kenya adhabu hiyo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na watoto wa Kenya hawajaacha kusoma. Walakini sisemi fimbo iondolewe shuleni. Kuitupa chombo iliyotufikisha hapa ni utovu wa shukrani. Nasema itolewe darasani, ipelekwe uwanjani, isimikwe wima ardhini, na watoto wakae kuitazama.

Wataona nini? Wataona aliyoyaona Eratosthenes. Huyu alizaliwa Cyrene, katika nchi iitwayo leo Libya, akawa mlinzi wa maktaba kuu ya Alexandria katika Misri. Nayo ilikuwa kama miaka 240 kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Alisikia kwamba huko kusini, katika mji wa Syene, ambao leo ni Aswan, siku ambayo jua limefika mwisho wa safari yake ya kaskazini, saa sita mchana, hung'aa mpaka chini ya kisima, wala kitu kilichosimama hakina kivuli. Lakini siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, katika Alexandria kijiti kilichosimikwa kilikuwa na kivuli. Akaipima pembe ya kivuli, akakuta ni sehemu moja katika sehemu 50 za duara. Basi, akasema, umbali wa miji hii miwili ni sehemu moja katika 50 za mzunguko wa dunia yote. Umbali huo ulihesabiwa kuwa stadia 5,000. Mara 50 ni 250,000. Wanazuoni wanabishana juu ya urefu wa stadia moja, lakini kwa hesabu yoyote ya haki mzee yule hakukosa mbali na kilometa 40,000 tunazozijua leo. Hakupanda merikebu, hakutoka Afrika, na chombo chake kilikuwa kile kile ambacho sokwe wa Gombe alilia mchwa.

Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta tuna bahati ambayo watu wa Ulaya hawana. Huko kwao kivuli cha adhuhuri hakiondoki kamwe. Lakini katika Dar es Salaam jua hupita juu ya utosi mara mbili kila mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku hizo fimbo iliyosimama wima hubaki mchana bila kivuli chochote, kama mtu aliyeibiwa kanzu. Kutoka Machi mpaka Oktoba kivuli chake cha adhuhuri huanguka kusini, na miezi mingine huanguka kaskazini. Mtoto atakayeyaona haya kwa macho yake mwaka mzima hatahitaji kukaririshwa majira.

Tena atagundua jambo la kuchekesha. Atangoja kivuli kifikie ufupi wake wa mwisho, ambao ndio mchana kamili, kisha ataitazama saa ya ukutani, na saa haitakubaliana naye. Saa zetu za Afrika Mashariki zimewekwa kufuata mstari wa longitudo ya nyuzi 45, ambao hupita karibu na Mogadishu katika Somalia. Dar es Salaam iko magharibi ya hapo, kwa hiyo mchana wake wa kweli huchelewa yapata dakika 23. Na Kigoma, iliyo mbali zaidi, huchelewa karibu saa nzima, ukiacha tofauti ya robo saa hivi ambayo huja na kuondoka kwa majira. Hivyo watoto wa Kigoma wakisikia kengele ya saa sita, mjue kwamba wameitiwa na jua la Mogadishu. Fimbo yao ndiyo isemayo habari za pale walipo.

Atakaye kujaribu na atafute mti ulionyooka wa futi tatu, ausimike mahali tambarare mbali na mwembe, na kuuhakikisha wima kwa uzi uliofungwa jiwe. Aanze saa tano na nusu, na kila dakika tano aweke kijiwe penye ncha ya kivuli, mpaka saa saba na nusu. Wenzangu wa Kigoma waendelee mpaka saa nane. Kijiwe kilicho karibu zaidi na fimbo ndicho mchana, na mstari kutoka shina la fimbo mpaka kijiwe hicho huelekea kaskazini na kusini barabara. Kazi ikiisha, fimbo irudishwe ndani. Uwanjani kuna mchwa, nao hawajui kwamba imeipima dunia.